Kwa Nini Mhogo Mchungu Hutaka Subira

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mhogo mchungu hauliwi pindi ung'olewapo. Humenywa, hulowekwa siku kadhaa hata ulainike, kisha huanikwa na kusagwa. Aitazamaye kazi hiyo kwa mbali aweza kudhani kuwa ni desturi tu. Kumbe ndani yake mna kanuni ya sayansi.

Ndani ya seli za mhogo mna linamarini, na katika kuta za seli hizo mna kimeng'enya cha kuivunja. Seli zikiwa nzima, viwili hivyo havikutani. Zikilainika na kupasuka hukutana, na hatimaye hutokea sianidi, ambayo ni sumu.

Sumu hiyo hutokaje? Wanga na kuta za seli ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli. Zinywapo maji huvimba, zikawa mfano wa wavu uliojaa maji. Chembe kubwa, kama kimeng'enya, hupita kwa shida. Chembe ndogo, kama sianidi, hupenya. Hata hivyo, chembe hiyo haiendi moja kwa moja. Husukumwa huku na huku na molekuli za maji, kama mtu apitaye katikati ya gulio lililofurika.

Kutokana na kanuni ya usambaaji iliyotolewa na Adolf Fick mwaka 1855, unene ukizidi mara 2, muda wa kupenya huzidi mara 4; ukizidi mara 3, muda huzidi mara 9. Ndiyo maana kipande kinene hakiharakishwi.

Gharama ya haraka yajulikana. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, mkoani Mara, watu walifupisha utayarishaji wa mhogo mchungu. Watafiti walieleza wagonjwa 39 wa konzo, maradhi yanayopoozesha miguu ghafla na yasiyopona. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa chakula kikikosa protini ya kutosha.

Upo msaada rahisi uliobuniwa na Howard Bradbury na wenzake nchini Australia. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka lisilozidi sentimita 1, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya kilichosalia huivunja linamarini, na sianidi huruka hewani. Sumu hupungua hadi theluthi moja au sudusi ya ile ya awali. Kisha ugali husongwa siku iyo hiyo.

Tabaka likiwa nene, sumu hubaki chini. Basi mama atandazaye unga wake uwe mwembamba hapotezi nafasi wala wakati: huifupisha njia ya sumu, akailinda miguu ya wanawe.