Safari Rally na bei ya kushinda

Mwaka 1965 Joginder Singh, makanika mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Kiwanda cha Volvo kilikuwa kimeileta kwa mashindano ya mwaka uliotangulia. Joginder akainunua na kuiandaa upya, na ndugu yake Jaswant akawa mwelekezi. Kwangu mimi, ushindi huo unaeleza mapenzi ya watu kwa mbio hizi kuliko picha yoyote ya vumbi na twiga.

Mbio zilipoanza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa injini. Gari lililopita kijijini likiwa limepakaa matope lilikuwa lile lile alilonunua daktari au mwenye duka. Peugeot 404 ilishinda mara nne kati ya 1963 na 1968, mara mbili kati ya hizo mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania, na waliokuwa na Peugeot waliona fahari hiyo ni yao pia. Hapo hasa ndipo ulipokuwa mvuto: gari la kawaida, barabara ngumu, na dereva anayezijua njia hizo wakati wa mvua.

Mwaka 1973 Safari iliingia katika ubingwa wa dunia, na fedha za viwanda zikafuata. Kufikia miaka ya 1990 timu kubwa zilikuwa na helikopta angani za kumwonya dereva kuhusu ng'ombe na malori yaliyo mbele, kwa kuwa barabara hazikufungwa. Ian Duncan alishinda 1994 kwa Toyota Celica. Hakuna Mkenya aliyeshinda Safari ya ubingwa wa dunia tangu hapo. Baada ya 2002 mashindano yenyewe yaliondolewa kwenye kalenda, fedha zikiwa miongoni mwa sababu, yakarudi 2021.

Naivasha, zinakofanyika mbio za sasa, bado hujaa watu, na wana haki ya kujaa. Gari la Rally1, daraja la juu la ubingwa wa dunia, likizama katika vumbi laini la eneo la Kedong na kuibuka upande wa pili ni kazi ya uhandisi inayostahili kushangiliwa. Lakini kuanzia 2021 hadi 2025 Toyota ilishinda kila mara, na mwaka 2022 na 2023 ilichukua nafasi nne za kwanza. Onkar Rai alimaliza wa saba mwaka 2021, Mkenya wa kwanza kufika, akiwa na gari la daraja la chini. Alijitahidi sana, ila mwenye gari la daraja hilo hashindani na viwanda. Husubiri viwanda viharibikiwe.

Shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, limeweka kikomo cha euro 345,000 kwa gari la daraja la juu kuanzia 2027, chini ya nusu ya gharama ya Rally1. Kwa dereva wa Nairobi asiye na mdhamini bado ni mlima. Hata hivyo kampuni chache za hapa zikiungana zinaweza kununua gari moja la kiwango hicho, na waandaaji wa Safari wangefanya vyema kuanza kuzitafuta sasa.