Kabla ya kumnunulia mwanao laptopu ya bei nafuu, mwache aijaribu mwenyewe

Jirani yangu mmoja hapa Uyole aliuza viazi, akalipa madeni, kisha akatenga fedha kidogo kwa ajili ya binti yake wa darasa la tatu. Alishuka mjini, akarudi na laptopu ya watoto. Ilikuwa ya plastiki, ya rangi ya waridi, na kioo chake hakizidi kiganja. Muuzaji alimwambia, "Mama, hii inafundisha yenyewe."

Wiki ya kwanza nyumba nzima ilisikia nyimbo za Kiingereza. Wiki ya pili betri zikaisha. Wiki ya tatu mdogo wake akawa anaikalia kama kigoda. Nilipomuuliza jirani yangu kulikoni, alijibu kwa unyonge: "Jirani, mwanangu huyu hapendi kusoma."

Neno hilo lilinichoma. Mtoto hakuwa na kosa. Anasoma shule ya msingi ya serikali, anafundishwa kwa Kiswahili, na kifaa kile hakikuwa na neno hata moja la Kiswahili. Hakuna aliyekijaribu naye kabla ya kulipa.

Leo "laptopu ya mtoto" ni jina la vitu vitatu. Kuna mwanasesere wa betri kama ule wa jirani yangu. Kuna kishikwambi kilichofungwa kibodi, ndugu wa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Halafu kuna kompyuta mpakato halisi iliyokwisha kutumika, inayouzwa kwa bei ya chini. Vyote vitatu vinaweza kukaa kwenye kabati moja la duka, na muuzaji akavisifu kwa maneno yaleyale.

Wenzetu walishapita njia hii

Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza mpango wa One Laptop per Child, akilenga kompyuta ya dola 100 kwa kila mtoto. Ilipotoka, kompyuta hiyo iliyoitwa XO iligharimu karibu dola 200. Umbo lake lilimfikiria mtoto kweli: kibodi ya mpira isiyopitisha vumbi wala maji, vitufe vidogo vya vidole vidogo, mkono wa kubebea, na kioo kinachosomeka hata juani.

Rwanda ilichukua zaidi ya 200,000. Peru ilichukua nyingi zaidi. Lakini watafiti walipofuatilia shule za msingi 319 za vijijini nchini Peru na kutoa matokeo mwaka 2012, hawakuona ushahidi kwamba alama za hesabu na lugha zilipanda. Kifaa kushikika vizuri ni jambo moja, mtoto kujifunza kitu ndani yake ni jambo la pili.

Hapa kwetu kuna mfano wa kutia moyo. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji karibu 170 mkoani Tanga. Wengi wao hawakuwa wamekanyaga shule. Zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, mtoto aliweza kuyafuata bila mwalimu kando yake, na kila kijiji kilipata mahali pa kuchajia kwa umeme wa jua.

Nusu saa dukani

Basi mzazi mwenzangu, nenda na mtoto. Muombe muuzaji nusu saa, mpe mtoto kifaa, kisha wewe nyamaza. Muuzaji atataka kumshika mkono na kumwonyesha. Mwombe kwa upole amwache.

Mkono. Mwambie aandike jina lake na sentensi moja. Tazama vidole. Je, anabonyeza kitufe kimoja zinatoka herufi mbili? Anapata kitufe cha kufuta bila kuonyeshwa?

Macho. Sogeeni mlangoni penye mwanga. Kama anakunja uso ili asome, nyumbani itakuwa hivyohivyo kila siku.

Lugha. Mwache afungue somo na akueleze linamtaka afanye nini. Akiimba tu anachokisikia bila kuelewa, hicho ni kinanda. Kama anasoma shule ya Kiingereza, kipimo ni kilekile: akueleze kwa maneno yake.

Bando. Mwambie muuzaji azime intaneti, kisha uone kinachobaki. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, hazina nzuri sana, lakini mtandao ni gharama. Kifaa kisichofanya lolote bila bando kitakula fedha kila wiki.

Chaji na fundi. Soma asilimia za chaji mnapoanza na mnapomaliza. Kama ilikuwa 100 na baada ya nusu saa imebaki 60, betri hiyo itafika saa moja na robo tu. Umeme ukikatika jioni, masomo yameishia hapo. Uliza pia chaja ikiharibika, nyingine inapatikana Mwanjelwa au mpaka iagizwe Dar es Salaam?

Mwisho, muulize mtoto swali moja: "Ukiwa peke yako, utaweza?" Watoto husema kweli mapema kuliko sisi tulioshika pochi.

Kifaa kikishindwa mawili kati ya hayo, kiacheni. Vitabu vya hadithi na taa nzuri ya kusomea vitamfaa zaidi. Na kikifaulu, bado kinahitaji mtu wa kukaa naye robo saa kwa siku na kumuuliza, "Leo umejifunza nini?"

Jirani yangu alimwomba binti yake msamaha, jambo ambalo wazazi wengi hatuliwezi. Siku hizi wanaposhuka mjini wanaingia maduka mawili matatu, binti anajaribu, wanatoka. Juzi alimwamkia muuzaji, "Shikamoo kaka," kisha akamuuliza mwenyewe: "Hii ukizima intaneti inabaki na nini?" Muuzaji alicheka, halafu akashindwa kujibu.

Hawajanunua bado. Fedha ipo kwenye kibubu, na hakuna tena anayesema kwamba mtoto yule hapendi kusoma.