Baiskeli ya Milimani: Tuijue Kabla ya Kuinunua

Vijana wetu wakituomba baiskeli ya enduro, yatupasa kwanza kujua ni chombo gani. Shokomzoba zake, mbele na nyuma, hubonyea takriban milimita 150 hadi 180, ili magurudumu yapite juu ya mawe na mizizi bila kumrusha mpandaji. Katika mashindano yake, kinachopimwa kwa saa ni mteremko, si kupanda mlima. Wala si mchezo wa wanaume pekee: mfululizo wa dunia ulipoanza mwaka 2013, Mwingereza Tracy Moseley alitwaa taji la wanawake miaka 3 mfululizo.

Hata hivyo, bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Hewa ya shokomzoba hupimwa kwa uzito wa mpandaji, mafuta yake hubadilishwa kila baada ya muda, na huku kwetu pwani chumvi hula chuma upesi. Asiye na helmeti imara na kinga za magoti asithubutu kuteremka.

Na kijana ambaye safari zake ni za shuleni na sokoni, katika ardhi tambarare, baiskeli ya kawaida yamtosha, na fedha itakayosalia itasaidia karo.