Nauli, hongo, ushuru na tozo: maneno ya mzigo utokao mbali

Mkazi wa Tabora ameshinda mnada wa intaneti huko Ujerumani. Ikiwa tafsiri anayoisoma inaita kila malipo “ushuru”, hatajua lipi ni la muuzaji, lipi la msafirishaji na lipi la serikali. Yafuatayo ni maneno yanayochanganywa mara nyingi.

Nauli. Ni malipo ya kusafirishwa. Kwa kuwa msomaji wa leo akikutana na neno hili humfikiria abiria, katika hati za bidhaa ni bora kuandika “nauli ya mzigo” au “gharama za usafirishaji”. Katika njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, mzigo ulikwenda mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mwenye mali aliwalipa ujira na kuwapa posho. Posho hiyo ilikuwa chakula, au nguo na shanga za kununulia chakula. Leo ni fedha ya kujikimu kazini au safarini.

Hongo. Hapa ndipo wafasiri hukosea zaidi. Zamani hongo ilikuwa malipo ya wazi aliyodai mtawala ili msafara upite katika nchi yake: doti za merikani na kaniki, shanga, au nyaya za madini. Ugogo, ambako maji yalikuwa haba, ulisifika kwa hongo. Magharibi ya Tabora, mtemi Mirambo alipigana na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia 1871, na mamlaka juu ya njia na mapato yake yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombewa. Leo hongo ni rushwa, nayo ni kosa la jinai. Anayesoma kwamba “mtemi alidai hongo” akaelewa rushwa, humsingizia mtemi uovu. Katika tafsiri ya kisasa, andika “ushuru wa njia”.

Ushuru. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi, lakini kiwango hicho hakikubaki katika matumizi: mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliweka asilimia 5. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi za kutoka nje ya Jumuiya ni asilimia 0, 10, 25 au 35. Hukokotolewa juu ya thamani ya forodha, yaani bei ya bidhaa pamoja na bima na usafirishaji. Kwa hiyo nauli ya mzigo ikipanda, ushuru nao hupanda.

Kodi, tozo na ada. Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hutozwa juu ya thamani ya forodha ikiwa imekwisha kujumlishwa na ushuru. Tozo mara nyingi huwa na lengo maalumu, kama Tozo ya Maendeleo ya Reli. Ada ni malipo ya huduma: ada ya mnunuzi inayodaiwa na mwendesha mnada, au ada ya wakala wa forodha.

Mfano. Bidhaa imenunuliwa kwa dola 160, usafirishaji ni dola 36, bima dola 4. Thamani ya forodha ni dola 200. Ushuru wa asilimia 25 ni dola 50. Kodi ya asilimia 18 juu ya dola 250 ni dola 45. Mnunuzi atakuwa ametoa dola 295, kabla ya tozo na ada. Aliyedhani kwamba bei ya mnada ndiyo gharama yote atapungukiwa na dola 135.

Kanuni ya matumizi. Kabla ya kuchagua neno, uliza ni nani anayepokea na anapokea kwa sababu gani. Akiwa msafirishaji, ni nauli ya mzigo. Akiwa mtoa huduma, ni ada. Ikiwa ni serikali kwa bidhaa kuingia nchini, ni ushuru, kodi au tozo, kila moja kwa jina lake katika sheria. Akiwa mtu anayepokea kwa siri, hiyo ni hongo ya leo, wala si ile ya njia ya Unyanyembe.