Kanda la Usufi

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, mzazi aliyeshikwa na ukongwe, au ndugu aliyepooza, hasemwi kwamba anatunzwa na fulani. Husemwa tu kwamba yuko nyumbani, na kwa neno hilo moja jamaa wote huridhika, kana kwamba nyumba yenyewe ndiyo imwogeshayo, imlishayo na imgeuzayo usiku. Walakini nyumba haina mikono. Mikono ni ya mtu, na aghalabu ni ya mtu mmoja: binti aliyeachwa akarudi kwao, au mkaza mwana, ambaye hakushauriwa siku alipotwikwa dhamana hiyo, wala hataulizwa siku itakapomshinda.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Asiyeweza kujigeuza kitandani hana budi kugeuzwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya kiuno, matako na visigino huchubuka kwa kulaliwa ikawa vidonda vizito kupona. Aliyepooza upande hulishwa ameketi, kwa matonge madogo, chakula kisije kikampalia na kuingia mapafuni. Na aliyepotewa na kumbukumbu huweza kuamka saa nane za usiku akautafuta mlango wa nyumba iliyokwisha bomolewa zamani. Taklifu ya namna hii ikidumu miaka, huwa si jamala tena, bali ni ajira isiyo ujira wala siku ya mapumziko.

Je, serikali haimo? Imo, kwa kadiri yake. Mwezi wa Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumpa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe tajiri au fukara, pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na kiwango hicho kikaja kuongezwa baadaye. Kenya, katika mpango wake wa Inua Jamii, huwafikia wazee wa umri huohuo, na kwa mwenye ulemavu mkubwa asiyejiweza hata kula, hupeleka fedha kwa mkono wa mlezi wake. Jambo la hekima, maana humkiri yule ambaye jamaa humsahau. Lakini masurufu haya hununua dawa, sabuni na unga. Hayaajiri mtu wa kukesha.

Kuna pia makao ya wazee: Sebleni na Welezo kwa Unguja, Limbani kwa Pemba, na huko bara Nunge ya Kigamboni, Kolandoto ya Shinyanga na Funga Funga ya Morogoro. Wengi huyataja kwa sauti ya chini kama mambo ya aibu. Hasha! Aibu ni mzee kuachwa katika shuka iliyolowa nyuma ya mlango uliofungwa ilhali wanawe wako hai. Hata hivyo, makao hayo yamewekwa kwa wale wasio na wa kuwatazama, na Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya 2003 yenyewe iliiacha familia kuwa ndiyo mtunzaji wa kwanza. Kwa hiyo walio wengi watabaki majumbani.

Maadamu ni hivyo, lililo muhimu si kuuliza mzee atakaa wapi tu, bali mzigo utagawanywaje. Jamaa na wakae kikao mapema, kabla mzee hajaanguka na kuvunjika nyonga, na wa kwanza kuulizwa awe mzee mwenyewe, angali na kauli yake: ataka kuogeshwa na nani, sitara yake ihifadhiwe vipi, na nini angali aweza kujifanyia. Kizingiti kiondolewe, vishikio vitiwe katika ukuta wa choo, kiti cha magurudumu kitafutwe. Mwenye fedha alipe mtumishi wa mchana; asiye nazo atoe usiku wake; na mlezi apewe siku zake za kupumua, zilizo haki yake na si hisani.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu aliyeko Dar es Salaam au Maskati, ambaye kila Ijumaa hupiga simu kuuliza kwa nini mama amekonda, ajapo likizoni na atandikiwe chumbani kwa mama siku tatu, ndipo atakapojua kanda lile limejazwa nini.