Gololi za kale za Ujerumani: Kovu ndilo lenye bei

Na Mwandishi Wetu

GOLOLI ni mchezo wa watoto, lakini zipo ambazo watu wazima wa Ulaya na Marekani huzigombania mnadani. Moja nzuri huuzwa kwa mamia ya dola, na zilizo adimu hufika maelfu. Hizo ni gololi za kioo zilizotengenezwa kwa mkono nchini Ujerumani.

Chimbuko lake kubwa ni Lauscha, mji mdogo katika milima ya Thuringia, ambako kiwanda cha kioo kilianzishwa mwaka 1597. Katikati ya karne ya 19, mafundi wa huko walibuni mkasi wenye kikombe kidogo kwenye ncha. Fundi alipanga nyuzi za rangi ndani ya kioo angavu, akakivuta kikawa fimbo na kukisokota. Kisha alikata kipande kimoja kimoja kingali laini kwa moto, akakizungusha mpaka kikawa duara.

Biashara hiyo ilishamiri hadi mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipowakatia soko la Marekani. Wakati huo, mjini Akron, Ohio, mashine ya Martin Christensen iliyopewa hataza mwaka 1905 ilikuwa tayari inatoa gololi za bei nafuu.

Utaitambuaje ya mkono? Tafuta kovu pale ilipokatwa kwenye fimbo. Ya mashine haina. Hata hivyo kovu pekee halitoshi, kwa kuwa mafundi wa leo nao hutengeneza kwa mkono, na wapo wanaoziuza kama za kale.

Bei hutegemea ukubwa, aina na hali. Zenye chembe za shaba zinazometa kama dhahabu hutafutwa sana, vilevile zenye sanamu ndogo ya mnyama au mtu ndani yake.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuipeleka gololi iliyochubuka kwa fundi aisugue ing'ae. Kusugua huondoa uso wa asili, mara nyingine pamoja na kovu lenyewe, na bei hushuka.

Anayeanza anunue lenzi ya kukuzia kabla ya kununua gololi, na adai risiti yenye haki ya kurudisha mali. Naye aliyerithi kopo la gololi za babu asilisugue wala kuliuza kwa jumla kabla mjuzi hajaziangalia moja moja.