Moyo Unapokwenda Mbio: Kuutambua na Kuutibu Ugonjwa wa Hofu ya Ghafla

Mtu ameketi ndani ya basi, au yumo jikoni kazini, au amesimama safuni msikitini, wala hana ugomvi na yeyote. Mara moyo unampiga kwa kishindo, pumzi inakuwa fupi, vidole vinakufa ganzi, miguu inatetemeka, na jasho linamtoka ilhali kiyoyozi kinafanya kazi. Huona kwamba saa yake imefika, au kwamba akili inamtoka. Hali hiyo hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, na kwa kawaida hutulia kabla ya nusu saa kupita, ikimwacha hoi kama mtu aliyebeba mizigo kutwa. Hilo ndilo shambulio la hofu ya ghafla.

Watu wengi hupatwa na shambulio la namna hii mara moja au mbili maishani, na hilo peke yake si ugonjwa. Huwa ugonjwa pale mashambulio yanaporudi tena na tena bila kutazamiwa, na kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi mtu akawa anaishi kwa kuyangojea, au akabadili mwenendo wake ili kuyakwepa. Wanawake hupatwa takriban mara mbili ya wanaume. Vijana siku hizi husema “kupaniki” kwa maana ya kukasirika au kubabaika kidogo. Neno hilo lisichanganywe na maradhi haya, ambayo mgonjwa hayaigizi wala hawezi kuyazuia kwa kukemewa.

Chanzo cha dalili zenyewe kinafahamika. Mwili una njia yake ya kujihami: ukihisi hatari, humwaga adrenalini ili mtu apigane au akimbie. Katika shambulio, kengele hiyo hulia pasipo na moto. Mtu hupumua haraka mno, kabonidioksaidi hupungua katika damu, na ndipo ganzi na kizunguzungu hutokea. Dalili ni za kweli kabisa, ila haziui.

Moyo, joto, au hofu?

Shambulio la kwanza lisihukumiwe nyumbani. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi, shingoni au tayani, au yanayokuja mtu anapopanda ngazi au kubeba kitu kizito, ni ya kupelekwa hospitali mara moja, hasa kwa mwenye kisukari, shinikizo la damu au mvutaji wa sigara. Nambari ya gari la wagonjwa nchini Qatar ni 999.

Joto nalo lina udanganyifu wake. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba sheria inakataza kazi za nje juani kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 na nusu alasiri, na sababu yake ni nzito. Mwili wa aliyepigwa na joto huwaka, naye huanza kuweweseka, kuchanganyikiwa au kuzimia. Hofu haichemshi mwili hivyo. Mtu huyo apelekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa, na 999 ipigiwe bila kuchelewa.

Daktari akishapima moyo na damu, pamoja na tezi ya shingo, ambayo ikifanya kazi kupita kiasi huleta dalili zilezile, na asione kasoro, jibu hilo lipokewe. Wagonjwa wengi huzunguka hospitali moja baada ya nyingine wakitafuta kipimo kitakachoonyesha moyo mbovu. Kiswahili kinachangia tatizo hilo: “moyo unaniuma” yaweza kuwa huzuni, yaweza kuwa kifua. Mgonjwa aeleze bayana ni wapi panapouma, kulianza saa ngapi, kulichukua dakika ngapi, na alikuwa akifanya nini.

Shambulio linapokuja

Mgonjwa abaki alipo, akipumua polepole kwa pua: avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita. Kupumulia ndani ya mfuko ni desturi ya zamani yenye hatari, iachwe. Aliye karibu naye aseme maneno machache kwa sauti ya chini, asimkandamize wala kumzunguka na umati. Anayetulizwa na dua au dhikri aendelee nazo. Kumsomea mgonjwa hakupingani na kumpeleka kwa daktari. Linalodhuru ni kungoja miezi kwa kudhani ni jini, huku mtu akizidi kujifungia.

Kujifungia huko ndiko kunakoulisha ugonjwa. Leo anaacha lifti, kesho treni, keshokutwa sala ya Ijumaa, na kila anapokwepa hofu hujiona imethibitishwa. Tiba ya mazungumzo humrudisha hatua kwa hatua. Aliyeiogopa metro, kwa mfano, husimama kwanza kituoni Msheireb bila kupanda. Siku nyingine husafiri kituo kimoja tu hadi Souq Waqif akiwa na mwenzake. Kisha peke yake. Hofu hupanda, hukaa, hushuka yenyewe, na mwili hujifunza.

Zipo pia dawa, kama sertralini, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu na haziachwi ghafla. Nyingi humezwa mara moja kwa siku, hivyo katika Ramadhani daktari anaweza kuzipanga wakati wa futari au daku. Vidonge vya kutuliza kama diazepamu huzoesha mwili upesi, na nchini Qatar vinadhibitiwa na sheria: visiagizwe kutoka nyumbani wala kupokewa kwa rafiki. Chai ya karaki, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vipunguzwe, kwani kafeini huuchochea moyo uleule unaoogopewa.

Pa kuanzia

Familia zenye kadi ya afya huanza katika kituo cha afya ya msingi cha mtaa wao. Wafanyakazi wanaume wanaoishi kambini huenda vituo vinavyoendeshwa na Hilali Nyekundu ya Qatar. Mfanyakazi wa nyumbani asione haya kumweleza mwajiri kuwa anaumwa: Sheria Na. 15 ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri amtibie bila kumtoza, na hiyo ni haki, si hisani. Ushauri wa simu kuhusu afya ya akili hutolewa kwa nambari 16000, na mazungumzo huwekwa siri.

Mkalimani aombwe mapema, siku ya kupanga miadi. Mtoto asitumiwe kutafsiri hofu ya mzazi wake. Akikosekana mkalimani, aende mtu mzima anayeaminiwa, na dalili ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kuondoka nyumbani.